Saa Nane ya Nani

Nilimwandikia: Jumanne, saa nane.
Akaja saa mbili asubuhi,
shati limenyooka, kalamu mfukoni,
akakaa ngazini chini ya chumba changu, hapa Isamilo,
akidhani mimi ndiye niliyechelewa.

Mfagiaji alimpita mara tatu na ndoo.
Mawe ya mlimani yakashika moto,
pimbi wakatoka, wakamtazama, wakarudi zao.
Nilipofika na hotipoti yangu ya ugali
alisimama wima kama mwanafunzi.

Hajasema neno, nami nilishajua:
anayengoja saa sita nzima bila kununa
hana pengine pa kwenda.

Ruwan. Fundi wa majokofu kiwandani,
sangara wanakoingia wazima na kutoka minofu.
Kwao Matara, Sri Lanka.
"Ziwa lenu linanidanganya," alisema,
"macho yanaona bahari, ulimi unakataa."

Halafu akacheka kidogo:
"Watoto wananiita Mhindi.
Nikisema mimi si Mhindi, wanauliza,
sasa wewe ni Mhindi wa wapi?"

Nami nikacheka. Kisha tukanyamaza,
wadudu wa ziwani wakigonga kioo.

Mama yake alizikwa mwezi wa tatu.
Alitazama kwenye simu, kati ya mashine mbili zinazounguruma,
glavu moja mkononi, moja kwapani.
Mtandao ukakwama
jeneza likiwa nusu mlangoni.
"Halikutoka," alisema.
"Mpaka leo halijatoka."

Sikumwambia atazoea.
Wameshamwambia wote: bosi, mwenye nyumba, muuza vocha.
Kuzoea ni neno la kiatu.

Akaniuliza yeye, badala ya mimi kumuuliza:
"Nilijikwaa Kirumba, penye magunia ya dagaa.
Wanawake wanne wakasema pole.
Hakuna aliyenisukuma.
Kwa nini waniombe radhi?"

Pole si radhi, nilisema. Pole haina mkosaji.
Ni mkono ambao haukuwahi kukudaka,
basi mtu anatuma neno.

Chuoni tulifundishwa kwamba kiti cha mshauri hakina hadithi.
Kwa hiyo nilimpa nusu tu:
Gdańsk, barafu, bibi kaanguka mbele yangu,
nami nikasema pole kwa neno lao la karibu.
Akanitazama kutoka chini:
"Kwani umefanya nini?"
Nusu ya pili nilibaki nayo,
kwamba miaka minne nilitembea na lile neno mdomoni
kama kokwa lisilo na pa kutemwa,
na usiku, kwenye bweni, nilijiambia mwenyewe kwa Kikerewe
mambo ambayo hata mama hakuwahi kuniambia.

"Lile jeneza," niliuliza, "lilikuwa linaelekea wapi?"

Alinyanyuka.
Akanionyesha kwa viganja: hapa kizingiti,
hapa kisima, usiteleze, pana utelezi,
hapa ukuta wa mwalimu wa hesabu, mbwa wake mkali.
Akapita kati ya meza na kabati
kwa hatua za watu wanaobeba kitu kizito,
bega lake la kulia limeshuka.
Alipofika dirishani njia ikaisha.
Chini, bati za Mabatini, kisha maji, kisha ukungu.
Alisimama pale muda mrefu.

Nikasema pole.
Safari hii hakuuliza kwa nini.

Mlangoni nikampa siku: Alhamisi, saa nane.
"Saa nane ya nani?"
Tukahesabu pamoja kwa vidole,
kuanzia jua linapotoka.

Alhamisi nilingoja mimi.
Saa nane ikapita, na robo, na nusu,
ugali ukapoa.
Akaja anahema, kiatu kimoja kina uzi mpya mweupe:
fundi viatu wa pale kona alimwita, akamkalisha,
akamuuliza habari za nyumbani,
na habari, alisema Ruwan, zilikuwa nyingi.

Kwenye faili, mahali pa maendeleo,
niliandika:
amechelewa dakika arobaini.